Matengenezo ya Viwanja na Haki ya Mtazamaji

Ipo hoja iliyokwisha kukubaliwa na watu wengi bila kupimwa, nayo ni hii: kwamba kiwanja cha mpira kimetengenezwa pindi nyasi zake zipandwapo upya, taa zake ziongezwapo, na viti vya wakubwa vibadilishwapo. Nyasi zikimea, taa zikiwaka, na wageni wa heshima wakipata mahali pazuri pa kukaa, hotuba husomwa, utepe hukatwa, na kazi huhesabiwa kuwa imekwisha. Hoja hiyo ni mbovu. Imemsahau mtu ambaye kwa ajili yake kiwanja kilijengwa, yaani mtazamaji wa kawaida alipaye kiingilio kidogo. Na miongoni mwa watazamaji wa kawaida imemsahau zaidi yule atokaye mbali, mathalani mkulima wa mpunga wa Ifakara.

Bonde la Kilombero lafaa kuwa kipimo cha jambo hili. Ni nchi ya maji na udongo mzito, ambayo watu wake hulima mpunga katika majaruba, na upande wa Kidatu hulima miwa. Kandanda imekuwapo huko kwa miaka mingi, katika viwanja vya shule, vya misheni na vya mashamba ya miwa. Msimu wake mkubwa ni baada ya mavuno, ardhi inapokuwa imekauka na mifuko ya watu ina chochote ndani. Jukwaa hakuna, watazamaji husimama wakiizunguka mistari, watoto hupanda miembe, na refa hulazimika kusimamisha mchezo mara kwa mara ili kuwasihi watu warudi nyuma. Choo hakuna. Maji ya kunywa ni yale yauzwayo kwenye chupa. Na hata hivyo watu hujaa, wake kwa waume, na aghalabu mchezo ukiisha hubaki pale pale wakibishana hadi giza liingie. Watu wa namna hiyo hawahitaji kufundishwa kuupenda mpira. Wanalohitaji ni kutoonewa kwa sababu ya kuupenda.

Kiwanja kikubwa kilicho jirani nao ni Uwanja wa Jamhuri mjini Morogoro, zaidi ya kilomita 200 kutoka Ifakara. Hicho ni kiwanja chenye historia. Mkoa wa Morogoro umetoa bingwa wa nchi mara tatu: Mseto mwaka 1975, kisha Mtibwa Sugar ya Turiani mwaka 1999 na 2000, tena kulikuwa na Reli, ambayo watu waliiita Kiboko ya Vigogo kwa vile ilivyozoea kuzisumbua Simba na Yanga. Mtu wa bondeni aliyetaka kuwaona mabingwa hao, au kuwaona vigogo wenyewe wakichapwa, ilimbidi kwanza ashinde barabara. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara ilikuwa ya udongo, na masika yakifika ilikuwa tope tupu. Watu wa Mahenge na Malinyi walikuwa na taabu nyingine juu ya hiyo, maana iliwapasa kuvuka mto kwa kivuko.

Mambo hayo yamebadilika, na si haki kuyapita bila kuyataja. Daraja la Mto Kilombero lilifunguliwa mwaka 2018 na kupewa jina la Rais John Magufuli. Barabara ya Kidatu hadi Ifakara, yenye urefu wa kilomita zipatazo 67, imejengwa kwa lami. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme imekuwa ikichukua abiria kati ya Morogoro na Dar es Salaam, hivyo hata safari ya kwenda Uwanja wa Benjamin Mkapa, ambayo kutoka Ifakara ni zaidi ya kilomita 400, imekuwa nyepesi kuliko zamani. Basi hapa ndipo penye ajabu. Taifa limegharimia daraja, lami na reli kumfupishia mtu huyu mwendo wa kilomita 400, lakini hatua 100 za mwisho, zile za kutoka lango la nje mpaka mahali pa kukaa, zimebaki kuwa ngumu kuliko safari yote. Katika hatua hizo husukumwa, hufokewa, hupotezewa muda, na mara nyingine hujeruhiwa. Kila tengenezo la kiwanja lisiloanza na hatua hizo 100 ni pambo, hata kama gharama yake ni mabilioni.

Haya si maneno ya kutia chumvi. Tarehe 21 Machi 2021, wananchi walipofurika katika Uwanja wa Uhuru mjini Dar es Salaam kuuaga mwili wa Rais Magufuli, msongamano uliua watu 45, kwa hesabu iliyotolewa na polisi. Kiwanja hicho ndicho kilichopandishwa bendera ya Tanganyika huru usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961. Kama kipo kiwanja kipendwacho katika nchi hii, basi ni hicho. Miaka miwili baadaye, tarehe 28 Mei 2023, ng'ambo ya ukuta, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, Yanga ilicheza na USM Alger ya Algeria katika fainali ya Kombe la Shirikisho. Mtu mmoja alikufa katika msukumano na wengine wapatao 30 waliumia. Walikuwa wametoka nyumbani kwao kwenda kutazama mpira.

Wako wajibuo kwa haraka kwamba kosa ni la watazamaji wenyewe: hawana subira, huja bila tiketi, huparamia kuta. Jawabu hilo hupendwa sana kwa kuwa halina gharama. Ni kweli kwamba wapo wahuni katika kila umati. Mwezi Agosti 2025, katika mashindano ya CHAN, watu wasio na tiketi walivamia milango ya Kasarani mjini Nairobi, mpaka Shirikisho la Kandanda la Afrika likaamuru idadi ya watazamaji ipunguzwe ifikie 27,000 tu katika kiwanja kilichokwisha kufanyiwa matengenezo makubwa kwa ajili ya mashindano hayo hayo. Lakini tukio hilo linathibitisha nini? Linathibitisha kwamba kiwanja kilitengenezwa ndani kikasahauliwa nje. Umati ni kama mto. Mtu wa Kilombero, ambaye mwezi Aprili 2024 aliona mafuriko yakiingia mpaka mjini Ifakara, hawezi kudhani kuwa maji yatarudi nyuma kwa kukemewa. Maji huchimbiwa mifereji, tena mapema. Umati nao huandaliwa njia pana, milango mingi, uzio unaowapanga watu katika mistari tangu mbali, vibao visomekavyo kutoka mbali, na askari waliofundishwa kuongoza kabla ya kufundishwa kupiga. Mahali ambapo watu maelfu wameachiwa mlango mmoja na nusu, hata malaika wangesukumana.

Kuna na hoja ya pili, yenye uzito zaidi, na haipasi kupuuzwa. Wenye hoja hiyo husema kwamba fedha ni chache na masharti ya Shirikisho la Kandanda la Afrika ni mengi. Nchi isiyoyatimiza hupokonywa haki ya kucheza kwake. Mfano wanao. Mwaka 2024 timu ya taifa ya Kenya ilicheza mechi za nyumbani katika nchi za watu, Malawi na Uganda, kwa kuwa viwanja vyake havikuwa vimekubaliwa. Hata hapa Tanzania funzo hilo limekwisha kupatikana kwa uchungu. Mwezi Mei 2025 Simba ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Mvua ilikuwa imeharibu eneo la kuchezea la Uwanja wa Benjamin Mkapa, na mchezo wa marudiano wa tarehe 25 Mei ukahamishiwa Uwanja wa Amaan, Zanzibar. Kiwanja cha watu 60,000 kilibadilishwa kwa kiwanja cha watu wapatao 15,000. Basi, wasema wao, nyasi si pambo; nyasi ni roho ya kiwanja, na bila nyasi hata huyo mtazamaji wa Ifakara hana mchezo wa kutazama.

Hoja hiyo yakubaliwa nusu yake. Nyasi ni lazima, na mfereji ulio chini ya nyasi ni lazima zaidi. (Yapendeza kufikiri kwamba fundi wa majaruba wa Ifakara, ambaye kazi yake ni kuyazuia maji yasitoke, angekuwa mwalimu bora wa namna ya kuyatoa.) Lakini itazamwe hasara ya siku ile ilimwangukia nani. Mgeni wa heshima alibadilishiwa kadi ya mwaliko. Mtazamaji wa televisheni hakupoteza kitu. Aliyepoteza ni yule ambaye angeketi katika mzunguko, yule aliyeweka akiba, akaomba ruhusa kazini au kumwachia jirani shamba, akakata tiketi ya basi. Zaidi ya nafasi 40,000 zilipotea, na hapana shaka sehemu kubwa ya nafasi hizo ni zile za bei nafuu. Kwa hiyo hata habari ya nyasi, ikifuatwa mpaka mwisho wake, hurudi kwa mtu yule yule. Kosa la wenye hoja hii ni kumtaja mtazamaji wanapoomba fedha, na kumsahau wanapozigawa.

Mgawanyo wenyewe wajulikana kwa kila aliyewahi kununua tiketi: VIP A, VIP B, VIP C, kisha machungwa, kisha mzunguko. Ngazi tano, na katika hizo tatu zina jina la ukubwa. Si vibaya mwenye fedha akilipia starehe yake. Fedha yake husaidia. Ubaya ni pale orodha ya matengenezo inapoandikwa kwa kufuata ngazi hizo kutoka juu kushuka chini, hata fedha zikaisha kabla ya kufika chini. Yafaa orodha ipinduliwe. Ianze na mzunguko, na ipande.

Na ikianza na mzunguko, neno la kwanza litakuwa choo. Wasomi huona haya kuliandika neno hili katika kurasa za fasihi, na pengine ndiyo sababu mojawapo ya kwamba halijatengenezwa. Mtu aliyetoka Ifakara alfajiri, akafika kiwanjani adhuhuri ili apate nafasi, na mchezo ukaanza saa kumi au saa moja ya usiku, ana saa nyingi za kukaa ndani. Mwanamume mkosefu wa adabu ataukimbilia ukuta. Mwanamke atafanya nini? Atajinyima maji tangu asubuhi, katika joto la Pwani, au atabaki nyumbani. Kisha viongozi wa mpira huuliza katika mikutano yao kwa nini wanawake na familia hawaji kiwanjani kwa wingi, na hutafuta sababu katika mila na desturi. Sababu nyingine iko karibu zaidi: ni mlango usiofungika, bomba lisilotoa maji na sakafu iliyofurika. Mama mwenye mtoto mgongoni huupima ustaarabu wa kiwanja kwa dakika tano za mahali hapo. Kwa gharama ya viti vichache vya ngozi, vyoo vingi vingejengwa na mtu wa kuvitunza angelipwa. Na kutunza ndiko kunakosahauliwa kuliko kujenga, maana siku ya ufunguzi vyoo vyote hutoa maji.

Baada ya choo kuna kivuli. Uwanja wa Benjamin Mkapa umeezekwa. Lakini viwanja vingi vya mikoa vina paa juu ya jukwaa kuu peke yake, na watu wengine wote hukaa juu ya saruji iliyochomwa na jua tangu asubuhi. Halafu kuna njia ya mwenye kiti cha magurudumu, ambayo mara nyingi ikiwapo humfikisha chini ya jukwaa na kumwacha hapo akitazama migongo ya watu. Kuna na tiketi: kadi ya kielektroniki ni jambo jema, lakini yapasa ipatikane na kujazwa Ifakara, ili mtu asiende kuitafuta mbele ya lango saa moja kabla ya mchezo. Mambo haya ni madogo kila moja peke yake. Yakiwa pamoja, ndiyo tofauti kati ya mtu aliyealikwa na mtu aliyevumiliwa.

Mambo haya yamekwisha kupita kwingine duniani, na mtu aweza kujifunza bila kuiga. Mjini Boston, Marekani, kuna kiwanja cha besiboli kiitwacho Fenway Park, kilichofunguliwa mwaka 1912. Mwaka 1999 wenye timu walitangaza nia ya kukiacha na kujenga kipya. Wapenzi wa kiwanja walipinga. Walisema kwamba uzee wa mahali si ugonjwa. Mwaka 2002 timu ilipata wamiliki wapya, nao wakachagua kukitengeneza pole pole, mwaka hata mwaka, wakaongeza hata viti juu ya ukuta wake mashuhuri mwaka 2003. Kiwanja kikapona. Lakini tiketi zake zikawa miongoni mwa zile ghali kuliko zote katika mchezo huo, na wengi kati ya wale waliokipigania wakajikuta wakikitazama kwa televisheni. Uingereza nayo, baada ya watu 97 kufa kutokana na msongamano wa Hillsborough mwaka 1989, ilifuata ushauri wa Jaji Taylor na kuweka viti kila mahali katika viwanja vikubwa. Usalama ulipatikana, na hilo ni jambo kubwa. Lakini bei ilipanda, ijapokuwa Taylor mwenyewe aliandika kwamba viti havikupaswa kumfukuza mtu wa kipato kidogo. Kwa hiyo tengenezo laweza kuwa jema kwa kiwanja na baya kwa watu wake. Anayeandika mkataba wa matengenezo Tanzania na asiandike ndani yake bei ya mzunguko itakuwa kiasi gani kazi ikiisha, ameacha mlango wazi kwa jambo hilo hilo.

Bei ikipanda na taabu ikibaki, watu wa bondeni wanapo pa kwenda. Wanavyo vibanda umiza. Jina lenyewe latosha: chumba cha mabati, mabenchi yaliyobanana, joto, televisheni moja iliyoning'inizwa juu, na kiingilio cha shilingi chache. Ifakara, kama kila mji wa nchi hii, inavyo vingi. Wapo wanaosema kwamba maadamu mtu aweza kuuona mchezo humo, hapana haja ya kuhangaika na majukwaa. Hao hawajui mpira ni nini. Kibandani mtu huona yale ambayo kamera imechagua. Kiwanjani huchagua mwenyewe. Kibandani kelele yake haimfikii mchezaji. Tena timu huishi kwa mapato ya mlangoni na kwa sauti ya watu wake. Lakini kibanda umiza kinayo sifa moja inayopaswa kuwaaibisha wenye viwanja: humuumiza mtu kwa bei ndogo, karibu na kwake, na akichoka hutoka nje bila kuogopa kukanyagwa.

Hapa lazima liguswe jambo ambalo wengi hulizunguka. Viwanja vingi vya mikoa vilijengwa zama za chama kimoja kwa michango na nguvu za wananchi, na baada ya vyama vingi kurudishwa mwaka 1992 vikabaki mikononi mwa Chama Cha Mapinduzi. Ubishi juu ya umiliki huo ni wa miaka mingi, na hauwezi kumalizwa katika kurasa hizi. Lakini awe mwenye kiwanja ni chama, halmashauri au Serikali, yeye hupata fungu lake katika kiingilio, na Bodi ya Ligi imelazimika zaidi ya mara moja kukifungia kiwanja fulani kwa ubovu. Mtu aliyechangia saruji kwa jasho, au ambaye babaye alichangia, ana haki ya kuuliza fungu hilo liliingia katika tofali gani. Hesabu hiyo ingebandikwa mlangoni, ubishi wa umiliki ungepungua makali.

Tanzania, Kenya na Uganda zilipewa mwaka 2023 heshima ya kuandaa kwa pamoja fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, na kwa ajili hiyo fedha nyingi zimeelekezwa katika viwanja vichache vya miji mikubwa. Yawe hayo. Lakini kiwanja cha shule kilichoko kando ya majaruba ya Ifakara hakitakaguliwa na mjumbe yeyote kutoka Cairo, na kwa hiyo hakuna atakayekitengeneza kwa kuogopa kufungiwa. Nacho hakitaki mengi: mfereji kuzunguka eneo la kuchezea ili maji ya masika yaondoke mapema, udongo ulioinuliwa upande wa magharibi upate kuwa mabenchi ya kukalia jua likiwa nyuma ya watazamaji, vyoo viwili, kimoja cha wanawake, chenye mlango na ufunguo unaokaa kwa mtu ajulikanaye, kisima, na miti. Halmashauri ya mji yaweza kuyafanya hayo kwa fedha isiyofikia bei ya ubao wa matokeo wa kielektroniki. Miche ya miembe ikipandwa masika yanapoanza, mtoto aliye darasa la kwanza leo ataketi katika kivuli chake kabla hajamaliza sekondari, akitazama mpira.